Faza: Mbolea Ipoteayo Kisimani

Mtu aendaye Faza kutoka Lamu husafiri kwa chombo, kwani mji huo uko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Pate. Mwaka 1587 Wareno waliuangamiza, lakini ukajengwa tena. Maji matamu ni haba kisiwani. Watu hutegemea visima, na majabia ya kuhifadhia mvua.

Kwa hiyo yafaa kuangalia samadi ya mbuzi na kondoo. Mavi na mikojo yao ina naitrojeni, chakula cha mimea. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti, chumvi iyeyukayo upesi. Mahali pa malisho walalapo wanyama wengi, majani huwa machache. Masika yakinyesha juu ya mchanga huo, chumvi huteremka kupita mizizi, na yaweza kufika kisimani. Hapo mkulima amepoteza mbolea, na mtoto mchanga aweza kudhurika kwa maji hayo. Kuyachemsha hakuiondoi naitreti.

Basi zizi na liwe mbali na kisima, na wanyama wahamishwe mara kwa mara. Samadi izolewe kabla ya masika, iwekwe chini ya paa la makuti, kisha itiwe shambani mimea inapoota. Hivyo kisima kitasalimika, na shamba litapata haki yake.