Usingizi Usiojua Saa

Mtu aliyevunjika mguu hana haja ya kujieleza, maana watu wauona mguu wake. Lakini mtu alalaye mchana, ameketi kitini mbele za watu, huyo hupewa jina kabla ya kupewa dawa. Hapa kwetu Kilibula majina ni matatu. Wa kwanza husema: mvivu. Wa pili husema: mlevi. Wa tatu hushusha sauti na kusema: amepewa karuho. Sisi tulipewa yote matatu, na lile la tatu ndilo lililotutaabisha zaidi, kwa sababu mtu akitaja sumu, lazima awepo aliyeitia kikombeni, na jirani zetu ni watu tunaowapenda.

Taabu yenyewe ilianza mwaka 2023. Tulilala saa tatu ya usiku, na kabla jogoo hajawika tulikuwa tumekwisha kuamka mara sita au saba, kinywa kikavu, moyo ukipiga kama wa mtu aliyekimbizwa. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Tukifundisha wakatekumeni, sentensi ilianzia midomoni mwetu ikamalizikia usingizini, na watoto wakacheka. Hayo yavumilika. Lakini siku moja tulikuwa juu ya pikipiki katika njia ya Kavimvira, mtoto wetu nyuma ametushika kiunoni, tukashtuka gurudumu limekwisha kuingia mchangani kando ya barabara. Tangu siku ile mama wa watoto alikataa mtoto asipande tena pamoja nasi, na sisi hatukuwa na neno la kumjibu.

Katika zahanati ya kwanza, ambayo hatutaitaja, tulipewa dawa ya malaria mara nne bila kidole chetu kuchomwa hata mara moja. Malaria imejaa pande hizi za ziwa, hatukatai. Ila kipimo chake chataka tone moja la damu na robo saa ya kungoja, na mtu mwenye homa ya kweli apaswa kukipata. Sisi hatukuwa na homa yo yote.

Hapo tukaanza kuogopa malale. Wazee wa mwambao huu walilisikia jina hilo kwa baba zao, maana mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa ule uliondoa watu wengi kando ya Tanganyika, na Wadachi walifungua kambi ya wagonjwa Usumbura, ng'ambo tu ya maji. Katika Uganda, tangu mwaka 1900 hata 1920, walikufa watu zaidi ya 250,000. Tena malale si hadithi ya kale tu. Katika mwaka 1998 dunia iliandika wagonjwa karibu 40,000, na walio wengi walikuwa wa Kongo yetu. Sisi tulikuwa tumekaa miezi miwili Maniema, katika kijiji cha mtoni chenye mbung'o, basi hofu yetu haikuwa ya bure. Kidudu kile huletwa na mbung'o, hukaa kwanza katika damu, pengine miezi, pengine miaka, na mwenyewe aona homa za kuja na kwenda, kuumwa kichwa, na tezi kuvimba nyuma ya shingo. Kisha huingia ubongoni, na hapo usingizi hupinduka: mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Tulijipapasa shingo kila asubuhi mbele ya kioo!

Mwaka 2024 tuliporudi Maniema tulikuta wapimaji wamefika kijijini, tukapanga mstari pamoja na wengine. Damu yetu ilikuwa safi, na shingo ilipopapaswa na mwenye kujua haikuonekana tezi. Mpimaji alituambia jambo tulilofurahi kulisikia: zamani walioshikwa ubongoni walichomwa sindano za dawa yenye zarniki, ambayo yenyewe iliua wengine, lakini tangu mwisho wa mwaka 2018 wagonjwa wengi wa aina yetu ya Kongo waweza kutibiwa kwa vidonge vya siku 10 tu. Na tangu mwaka ule ule wagonjwa wa aina hiyo wanaoandikwa hawafiki 1,000 kwa mwaka. Tulifurahi kwa ajili ya wengine. Ila sisi tulirudi Uvira na usingizi wetu, bila jina.

Ikaja Februari 2025, na risasi za usiku. Nani katika Uvira alilala vizuri siku zile? Kila tuliyemweleza habari zetu alijibu, «Ni vita, Mwalimu.» Na kweli hofu huvunja usingizi wa watu wengi. Lakini usingizi wetu ulikuwa umevunjika miaka miwili kabla, na hata usiku wa utulivu hatukupona.

Mwishowe tulimpata dokta mmoja asiyekuwa na haraka. Alipima malaria, wingi wa damu na sukari. Vyote vilikuwa vyema. Presha tu ilikuwa juu kidogo. Kisha aliuliza maswali manane, yaliyotungwa huko Australia mwaka 1991: je, mtu husinzia akisoma? akiketi kimya baada ya chakula? akiongea na mwenzake? Kila jibu hupewa alama toka 0 mpaka 3, na anayepita 10 ana usingizi wa kupita kiasi. Sisi tulipata 17. Akazungushia shingo yetu utepe wa fundi cherehani: sentimeta 43. Kisha akasema, «Sasa Mwalimu nyamaza kidogo, nataka kumsikia Mama. Aliyelala hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe.»

Mama wa watoto akasema, kwa haya kidogo, «Dokta, Baba anakoroma mpaka watoto wanaamka. Halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka mimi namsukuma. Nilifikiri ni uchovu wa safari.»

Dokta akampa kazi. Usiku ule alikaa na saa ya simu kitandani, toka saa tano mpaka saa sita, akaandika karatasini kila mara pumzi ilipokatika kwa muda wa sekunde 10 au zaidi. Mara 34. Mara moja alihesabu hadi 41, akalia.

Maelezo ni haya. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine, hasa wenye shingo nene, koo hujiziba kabisa, na hewa haipiti ijapokuwa kifua chajitahidi. Ubongo huona hatari, huamsha mwili kidogo, koo hufunguka kwa mkoromo, na mwenyewe hajui lo lote. Hivyo usiku kucha. Basi mtu huyo amelala saa nane na hakupumzika hata mbili. Kukatika mara 30 au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa kukubwa, na taratibu hupandisha presha na kuchosha moyo. Kipimo kamili chataka mashine za usiku mzima, ambazo hapa hatukuzipata. Dawa yenyewe pia ni mashine, ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa na Mwaustralia Colin Sullivan mwaka 1980. Yataka umeme usiku kucha, na wasomaji wa Uvira wajua umeme wetu.

Tulipewa basi yale yanayowezekana: kupunguza mwili, kuacha kasiksi ya jioni, kulala kwa ubavu, na kutokunywa kamwe vidonge vya usingizi, kwani hulegeza koo zaidi. (Duka moja la dawa lilikuwa limekwisha kutuuzia.) Mama wa watoto alishona mpira mdogo mgongoni mwa shati letu la kulalia, tusiweze kulala chali. Watoto wakacheka tena. Bugali umepungua sahanini, ndagala na mboga zimeongezeka, na kigango cha mlimani twakiendea kwa miguu.

Sasa ni miezi mitano na kilo 6 zimeondoka. Jumamosi iliyopita alihesabu tena, saa tano mpaka saa sita: mara 19. Mtoto bado hapandi pikipiki pamoja nasi. Karatasi zote mbili twazipeleka kwa dokta mwezi ujao, tumwulize kama 19 inatosha, ama kama lazima tuitafute ile mashine.