Pointi 9 na Mlango wa Muhimbili

Tangu matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha sita yalipobandikwa, sijatoka msikitini hapa Mkula bila ya kuulizwa: "Binti atapata Muhimbili?" Waulizaji wana nia njema. Huku kwetu Busega, mkoani Simiyu, Waislamu si wengi, na mtoto wa mmoja wetu akisoma Fizikia, Kemia na Biolojia huwa mtoto wa sote. Nami hujibu, "Inshaallah," kisha nikifika nyumbani huchukua kalamu na karatasi.

Binti alipata B ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Majirani walishangilia divisheni wani, na hawakukosea. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3 na D kuwa 4. Jumla yake ni 9, nayo ndiyo ukingo wa mwisho wa daraja la kwanza. Lakini Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3 na D ni 2. Jumla yake, ajabu, ni 9 vilevile! Katika hesabu ya kwanza aliye juu kabisa ana 3; katika ya pili ana 15. Mwenye 9 amesimama katikati ya ngazi, uanzie kuhesabu juu au chini. Hapa ndipo wazazi wengi tunapopotezana: mmoja anataja pointi za Baraza, mwenzake anamjibu kwa pointi za TCU, na wote wawili wanaondoka wameridhika.

Katika miongozo ya TCU ya miaka ya karibuni, anayeomba udaktari wa binadamu hutakiwa kuwa na pointi zisizopungua 6, na D au zaidi katika kila somo kati ya hayo matatu. Binti ana 9. Basi amevuka? Amevuka kizingiti cha kuruhusiwa kuomba, na kuomba si kupokewa. Mwongozo huohuo unaonesha kila programu ina nafasi ngapi, nayo ndiyo safu ambayo wazazi wachache huitazama. Nafasi zikiwa chache na waombaji wakiwa wa nchi nzima, chuo huanza kuchukua kutoka juu. Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963 na ambako chuo kikuu kamili kilisimama mwaka 2007, ndiko kila mwenye A tatu anakopeleka jina lake. Kwa B, C na D, nilimwambia binti bila kuficha, mlango ule ni mwembamba sana. Hakulia. Aliuliza Fizikia ikipanda hadi B itakuwaje. Nikamwambia itakuwa 11, na mlango utakuwa mwembamba bado, ila si kama ule wa kwanza.

Bibi yake hakupendezwa na hesabu hizi. Yeye ndiye mwenye hoja nzito kuliko sote. Amekaa miaka mingi jirani na hospitali ya hapa Mkula, na amewaona wanawake wa Kiislamu wanaochelewa kwenda kupimwa kwa kuona haya, mpaka ugonjwa unawashinda. "Mwacheni asome," alisema, "mimi nataka daktari nitakayemvulia nguo bila ya kuinamisha uso." Baada ya maneno hayo hakuna aliyethubutu kumshauri binti abadili fani. Tulilobaki nalo ni wapi, na kwa fedha gani.

Mama yake anaitaka Bugando, Mwanza, kwa kuwa ni karibu. Mtoto akiugua tutafika siku hiyohiyo. Bibi alisita kidogo, maana chuo kile ni cha Wakatoliki. Mimi sikuona tatizo katika elimu ya mwili wa binadamu. Tatizo nililoliona ni ada, ambayo katika vyuo visivyo vya serikali huwa kubwa. Dodoma kuna chuo cha serikali, nacho kinafundisha udaktari. Tena iko njia ya kuzunguka: stashahada ya utabibu, ambayo mhitimu wake akiwa na wastani mzuri huweza kuomba shahada baadaye. Ni ndefu, lakini mwenye kuipita hufika akiwa amekwisha kuwashika wagonjwa.

Kuhusu fedha: ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, na hilo lilitupumzisha. Chuo ni jambo jingine. Fedha za pamba huingia mara moja kwa mwaka, na hutoka siku ileile. Bila ya mkopo wa Bodi hatuwezi. Ndugu yangu alipinga kwa sababu ya riba. Alikuwa akiikumbuka tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani, ambayo kweli iliwatia watu wengi mashaka. Nilimkumbusha kwamba Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi mwaka 2021, hapo hapo Mwanza. Imebaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1, na makato ya asilimia 15 ya mshahara atakapoajiriwa. Tulimpelekea shehe wetu masharti yote yakiwa yameandikwa, ayasome mwenyewe badala ya kusikia kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya deni na kuandikwa kwake. Sioni kwa nini tulijadili la mtoto kwa kumbukumbu za barazani.

Yapo madogo yanayoangusha wakubwa. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na majina yetu yana balaa yake: huku Khadija, kule Hadija, huku Ramadhani, kule Ramadhan. Yalinganisheni sasa. Na akaunti ya maombi isifunguliwe kwa namba ya simu ya mwenye steshenari. Mwanafunzi aliyechaguliwa na vyuo viwili hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Ikienda kwa mtu baki, nafasi yaweza kupotea hivi hivi.

Orodha yetu imekwisha: Muhimbili kwanza, kwa kuwa ndivyo anavyotaka na ada ya maombi si kubwa kiasi cha kumnyima, kisha Dodoma, kisha Bugando. Fomu za stashahada tumeziweka kabatini. Ameomba asipewe kazi ya shamba mpaka mtihani upite, nasi tumekubali. Bibi yake ndiye anayemwamsha alfajiri, na baada ya swala humwacha na kitabu cha Fizikia.