Fuso la Mjomba na Dola za Wamarekani

Haya jamani, leo tuyaweke kando mambo ya mapenzi tuongee malori. Usifungue ukurasa mwingine kwanza, kuna utamu wake.

Mwaka 2022 Wamarekani walipitisha sheria iliyotenga dola bilioni 1 za kuwasaidia wenye magari makubwa ya dizeli wanunue yasiyotoa moshi. Desemba 2024 mamlaka yao ya mazingira ikachagua waombaji kama 70 wagawane dola milioni 735, nyingi zikiwa za mabasi ya shule. Kilichoniacha hoi ni sharti: dizeli yenye injini ya mwaka 2010 kurudi nyuma lazima iuawe. Injini inatobolewa tundu la inchi 3, chasisi inakatwa, kwisha habari yake.

Nikamsimulia mjomba wangu wa Kibiti. Yeye ana Fuso la kubebea nazi na samaki wanaoshushwa Nyamisati na boti za kutoka delta ya Rufiji. Lori lenyewe limenizidi umri. Asubuhi akipiga stata majirani wanafunga madirisha, na mke wake humtoa mtoto wao wa mwisho kwa mlango wa uani, maana ana pumu.

"Watoboe injini nzima?" akauliza. "We mjomba, hao watu wana akili kweli?"

Simlaumu. Hiyo injini ndiyo ada, ndiyo unga, na ndiyo dawa ya huyo huyo mtoto anayekohoa.

Nikamwambia Fuso la umeme lipo, lilizinduliwa mwaka 2017, linaitwa eCanter. Akachangamka! Nilipomwambia la kwanza lilikwenda kama kilometa 100 kwa chaji moja, akapiga hesabu kichwani: ukitoka Kibiti linakuzimikia ukishapita Mkuranga, Mbagala unaiona ndotoni, na samaki wanaanza kunuka. (Matoleo mapya yanakwenda mbali zaidi, lakini kurudi je?)

Kinachoniuma mimi ni kingine. Bwawa la Julius Nyerere liko kwenye mto huu huu wa Rufiji, megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Nyaya zake nene zinakwenda zake Chalinze. Gesi ya Songo Songo nayo tangu 2004 inapita kwenye bomba kuelekea Dar. Nishati yote hiyo inazaliwa jirani yetu, halafu sisi tunavuta moshi.

Utaambiwa serikali haina mshiko wa ruzuku za malori. Mbona mwaka 2022 dizeli na petroli zilipopanda ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali? Ilikuwa sawa, tulishukuru, lakini ile hela yote iliishia kwenye tangi na kutokea kwenye ekzosi.

Mimi ningeomba waanze na chaja moja pale Kibiti, madereva wanaposimama kula. Wali na samaki unaliwa nusu saa, lori nalo linakula. Halafu mwenye lori moja akopeshwe kwa riba nafuu, serikali imbebee sehemu ya bei, na la zamani alipwe chochote kabla halijatobolewa. Mjomba anasema kwa mpango huo angekubali, ila tundu atoboe mwenyewe.