Ziwa Halina Pwani

Makala haya yanahusu mbio, lakini chanzo chake ni kosa la ushairi.

Baba yangu alifariki mwezi wa Juni, wiki chache baada ya mavuno ya mpunga. Siku ya kumaliza matanga, nyumbani kwetu Buhongwa, niliombwa nisome shairi, maana ndugu zangu wananijua kuwa mtu wa vina na mizani. Nilisoma beti 6. Mshororo wa kwanza ulikuwa huu: "Maji yamekupwa pwani, nawe baba umelala." Wageni walinipa mkono, wengine wakifuta machozi. Jioni, tulipobaki wenyewe, mama akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo pwani ni ya wapi? Baba yako hakuwahi kuiona."

Sikuwa na jibu. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa: ni ile sehemu inayoachwa wazi maji ya bahari yanaporudi nyuma. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Lenyewe hupanda na kushuka kwa miaka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mvuvi wa huku hashuki pwani, hushuka mwaloni. Hayo yote niliyajua tangu utotoni, lakini kalamu yangu ilifunzwa na vitabu. Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuja na bahari yake: mikoko, bamvua, pepo za kaskazi na kusi. Silalamiki, kwa kuwa lugha hiyo imenilea. Ila nilikuwa nimemwomboleza mkulima wa majaruba kwa maji ya ugenini.

Wiki ile nilianza kukimbia alfajiri. Kiswahili kina siri katika kitenzi hiki: kukimbia ni kwenda mbio, na kukimbia ni kutoroka. Wazee waliokuwa wakielekea mashambani walinisalimu "Mwangaluka!", kisha wakaniuliza kwa utani, "Nani anakukimbiza?" Nilicheka na kupita. Swali lao nililibeba hadi nyumbani.

Njia yangu huanzia kwenye miinuko ya mawe, huikata barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga, kisha huacha lami na kuteremka. Hupita mashamba ya mihogo na viazi vitamu, huingia kwenye majaruba, na mwisho hufika kwenye tope jeusi lenye matete na mafunjo, upande wa Ghuba ya Mwanza. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 9. Mama hakuwahi kuniuliza nilikokwenda. Aliviinua viatu vyangu mlangoni, akavigeuza, akasema: "Leo hukuvuka luseni." Kesho yake: "Umefika mbugani."

Kwa viatu hivyo alinifundisha majina ya nchi yetu kwa Kisukuma. Juu kabisa, penye majabali, ni luguru. Changarawe huko huteleza chini ya unyayo. Chini yake ni luseni, mchanga mwepesi unaoiba nguvu za kisigino. Kisha huja itogolo, ardhi ngumu isiyopitisha maji upesi, ndiyo maana majaruba hukaa hapo. Mkimbiaji hupita juu ya matuta, mguu mmoja mbele ya mwingine. Mwisho ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa masika hushikamana na kiatu hata kila mguu ukawa mzigo. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kutegua kifundo cha mguu.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, kule Usambara, Geoffrey Milne, aliupa mfuatano wa namna hii, kutoka kilimani hadi bondeni, jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo. Wakulima wa Kisukuma walikuwa na jina kwa kila pete ya mnyororo huo. Na tazameni neno mbuga lilivyo na nyuso mbili. Tukilisikia kwa Kiswahili, wengi wetu huona Serengeti na simba wake. Mbuga ya mama haina simba. Ina tope, yangeyange weupe, na vyura wanaonyamaza ghafla unapokaribia.

Kwenye itogolo ndipo nilipoanza kulirekebisha shairi. Hatua 8 huchukua mizani 8 bila taabu, na tuta la jaruba halimruhusu mtu kuyumba. Nikaitoa pwani. Nikaweka: "Jaruba limekauka, nawe baba umelala." Mizani ilitimia, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Mama alisikiliza, akatikisa kichwa. "Jaruba likikauka lenyewe, hiyo ni njaa. Likikaushwa, mpunga umekomaa. Wewe unasema baba yako alikufa kwa lipi?"

Baba alikuwa na miaka 81. Kila mwaka, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, alichukua jembe, akafungua tuta, maji yakatoka polepole, na shamba likabaki likingoja mundu. Silabi moja ya mwisho ilibeba hayo yote, nami nilikuwa nimeikosea. Nikabadili: "Jaruba limekaushwa, nawe baba umelala." Ilinibidi kuvitafuta upya vina vya kati vya ubeti mzima, na kina cha -shwa hakipatikani kirahisi kama cha -ni. Nilitumia asubuhi 11.

Sasa nakimbia njia ileile kwa sababu nyingine. Mji unatanuka. Kando ya majaruba ya baba vimesimikwa vigingi, na malori yanashusha kifusi pale vyura walipokuwa wakilia. Ndugu zangu wangependa tuuze. Wana karo za kulipa, na siwalaumu. Kikao cha ukoo ni mwezi wa Juni. Ikiamuliwa hivyo, luseni, itogolo na mbuga vitaandikwa kwenye karatasi kwa neno moja: kiwanja.

Sijui nitasema nini siku hiyo, zaidi ya kulisoma shairi lilivyo sasa. Lakini nimenunua daftari. Kila nirudipo, kabla sijaoga, namletea mama viatu, naye hunitajia. Mimi huandika jina, rangi ya tope, na kinachoota hapo. Jana alitaja neno ambalo sikuwahi kulisikia. Nilimwomba alirudie mara tatu ili nipate tahajia yake sawasawa.