Nyonga ya Mama: Chuma, Plastiki au Kauri?



Mama yangu ana umri wa miaka 71, na huu ni mwaka wa tatu hajaweza kusujudu. Gegedu la nyonga yake ya kulia limelika, mfupa unasaga mfupa, na sala zote anaziswali kitini. Alipokubali hatimaye kupasuliwa, mimi nilikuwa na swali moja la kumwuliza daktari: kitu gani kitasuguana na kitu gani?

Swali hilo tumelipata kwa mjomba. Mwaka 2007, akiwa na miaka 49, alitiwa nyonga ya bandia ambayo tufe lake na kikombe chake vyote viwili ni vya chuma. Aliambiwa kwamba yeye bado ana nguvu, na chuma kwa chuma hakitalika upesi. Maneno yalipendeza masikioni. Lakini vyuma hivyo vikisuguana hutoa chembe za kobalti na kromiamu, nazo zaweza kuingia katika damu na kuharibu nyama iliyozunguka kiungo. Mwaka 2010 mamlaka ya Uingereza inayosimamia vifaa vya tiba ilitoa tahadhari. Mjomba akaitwa kupimwa damu, na mwaka 2012 akapasuliwa tena. Hadi leo anatembelea mkongojo, na hakuna aliyemwomba radhi.

Ajabu ni kwamba funzo lenyewe lilikuwa la zamani. John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, alitumia kwanza vikombe vya Tefloni kwa ajili ya utelezi wake. Vikalika katika miaka michache, na vumbi lake likaleta uvimbe. Mtu huyu alijipandikiza Tefloni katika paja lake mwenyewe ili aone mwili utafanya nini! Mwaka 1962 akahamia polithini, plastiki ngumu zaidi, pamoja na tufe dogo la chuma. Nayo hulika, ila taratibu; na ile ya siku hizi, iliyopigwa mionzi ili ishikamane zaidi, hulika kidogo sana.

Daktari wetu alipendekeza tufe la kauri ndani ya kikombe cha plastiki hiyo. Mama akashtuka.

"Kauri? Kama vikombe vya chai? Na nikianguka?"

Akajibiwa kwamba kauri hii huvunjika kwa nadra mno, na wororo wake haukwaruzi plastiki. Kauri kwa kauri nayo ipo, na hulika kidogo mno, ila kwa baadhi ya watu hulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mama akasema hataki kuingia msikitini akilia kama mlango.

Likabaki la sujudu. Tufe kubwa halichomoki upesi kama dogo, na plastiki mpya yaweza kupokea tufe la milimita 36. Daktari hakuahidi kitu. Alisema tungoje miezi mitatu baada ya kupasuliwa, ndipo atazame. Mama amekwisha nunua msala mpya. Umekunjwa juu ya kabati.