Ardhi Isiyogusa Udongo

Aghalabu sisi tunaosoma Kiswahili huzizungumzia istilahi za sayansi kana kwamba ni mali ya kamati na kamusi. Mimi nimeanza kuliona jambo hili kwa jicho jingine tangu nilipoanza kumsaidia ndugu yangu mdogo, fundi wa redio na friji hapa Mariakani, kuwaandikia wanagenzi wake maelezo ya kuchora saketi kwa programu ya LTspice, ili saketi ijaribiwe kwenye kompyuta kabla ya kuchomelewa.

Programu hiyo chimbuko lake ni SPICE, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo hapakuwa na mchoro: mhandisi aliandika orodha, kila mstari kifaa kimoja. Leo fundi huchora kwa kipanya, na programu yenyewe huugeuza mchoro kuwa orodha ya aina ile ile. “R1 2 0 10k” ni rezista iitwayo R1, iliyo kati ya kiungo cha 2 na kiungo cha 0, yenye omu 10,000. Ni sentensi kamili, nami naistahi kwa ufupi wake.

Hapo ndipo taabu ya lugha ilipo. Mashine haioni picha, husoma miunganisho. Nyaya mbili zikipishana bila nukta hazijaungana, hata jicho liseme vingine. Kiungo cha 0 nacho sharti kiwepo, kwani volti zote hupimwa kutoka hapo. Tafsiri ya moja kwa moja hutupa “ardhi”. Lakini mwanagenzi asikiapo ardhi huwaza chuma kilichokitwa udongoni nyuma ya nyumba, akauliza: “Redio ya betri i mkononi, ardhi yake iko wapi?” Swali hilo ni la haki kabisa. Tumekubaliana kuandika “sifuri”, ingawa najua baadhi ya wahadhiri watakunja uso.

Kubwa zaidi ni herufi M. Vijana walikuwa wakichora kicheleweshaji cha friji, kifaa kinachongoja umeme urudi na utulie kabla ya kuwasha kompresa. Rezista ya omu milioni moja na kapasita ya mikrofaradi 10 huipa saketi kipimo cha muda cha sekunde 10. Mmoja wao aliandika 1M. LTspice huisoma M, kubwa au ndogo, kuwa sehemu moja ya elfu; milioni huandikwa “Meg”. Volti kwenye grafu zikapanda papo hapo, na kijana akaanza kutafuta kapasita kubwa zaidi, ilhali ila ilikuwa katika herufi.

“Dada,” ndugu yangu akaniambia, “hili liandike kwa wino mzito. Hizo kapasita ni pesa.”

Nimeliandika. Ukurasa wa nyaya ndio haujaniridhisha bado, kwani “kukutana”, “kupishana” na “kuungana” vijana huvitumia kimoja badala ya kingine, na mashine haikubali.