Vidonge Vyake

Nina kisa kilichonifika nyumbani mwangu, nacho kimenifunza jambo ambalo sikulipata chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu.

Mtoto wa ami yangu, Mbajuni wa hapa Kismayu, aliikimbia vita ya 1991, akapitia Mombasa, na hatimaye akafika Uingereza. Huko alipata kazi ya bohari, na kila mwezi alimletea mamake fedha kwa hawala. Mwaka jana aligombana na msimamizi wake. Usiku ule akatuandikia jamaa zake katika Facebook: "Kesho nitampa vidonge vyake." Nami, kwa mzaha, nikawa wa kwanza kumjibu: "Mpe vyote, usimbakishie!"

Kila mtu wa pwani ajua kwamba kumpa mtu vidonge vyake ni kumwambia ukweli wake bila kumficha. Lakini mfanyakazi mwenziwe aliyapitisha maneno yetu katika mashine ya kutafsiri, nayo ikatafsiri neno kwa neno. Wakuu wa kazi wakasoma kwamba msimamizi atanyweshwa dawa, na kwamba yuko mtu anayechochea. Ndugu yangu akafukuzwa.

Alipoomba posho ya wasio na kazi, akaukuta mlango wa pili nao umefungwa. Sheria ya Uingereza yaruhusu mtu aliyepoteza kazi kwa utovu wa nidhamu akatwe posho ya kujikimu kwa siku 91, hata likiwa ni kosa la kwanza. Hawala ikasita. Dawa za mamake tukazichukua kwa deni.

Si yeye wa kwanza kuponzwa hivi. Huko Australia, Michaela Banerji alifukuzwa utumishi wa serikali mwaka 2013 kwa kuikosoa serikali katika Twitter bila kutaja jina lake. Alidai fidia, na mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba hastahili. Lakini maneno ya bibi huyo yalieleweka. Ya ndugu yangu hayakueleweka.

Alikuwa na mwezi mmoja wa kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Akaniomba barua ya mwalimu wa lugha. Nilikesha na kamusi, nikaeleza nahau ile kwa nusu ukurasa, kisha nikaeleza jibu langu mwenyewe. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.

Baada ya majuma kadhaa posho ilirudishwa. Kazi haikurudi.

Kwa miaka mingi nimefundisha nahau kama pambo la insha: mwanafunzi aitaje, aitungie sentensi, apewe alama. Sasa nimeongeza swali moja: sentensi hii akiisoma mtu asiyekuwa wa kwetu, ataelewa nini? Wanafunzi hucheka sana wakijibu. Mimi huwaacha wacheke, kisha huwasimulia habari ya vidonge.